Jina Juu ya Mtungi: Habari za Vyombo vya Etruria

Katika jumba la makumbusho liitwalo British Museum, mjini London, imo mitungi miwili ambayo yafaa kutazamwa pamoja. Wa kwanza ulifinyangwa Athene, katika nchi ya Wayunani, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ni mtungi wa maji wenye vishikio vitatu, viwili vya kuinulia na kimoja cha kumiminia, na juu yake yameandikwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kwamba Meidias ndiye aliyeufanya. Wa pili ulifanywa Uingereza, nao ulitolewa zawadi kwa jumba hilo mwaka 1786. Huu ni wa rangi ya samawati hafifu, umepambwa kwa sanamu nyeupe za watu zilizoinuka juu ya udongo, na juu ya kifuniko chake amesimama farasi mwenye mabawa. Aliyeutoa ni Bwana Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda. Aliyezibuni sanamu zake ni mtu mwingine, na waliouumba na kuuchoma ni wengine tena.

Wasomaji wetu wengi hawana haja ya kufundishwa ufinyanzi ni kazi gani. Wamekunywa maji ya mtungini, na wamewaona mama zao au jirani zao wakichimba udongo, wakiuponda na kuuchanganya na mchanga kidogo ili chombo kisipasuke motoni. Wanajua ya kuwa chungu kilichopata hewa nzuri wakati wa kuchomwa hutoka chekundu, na kile kilichofunikwa na moshi hutoka cheusi. Maarifa hayo yatatosha kufahamu habari hii ya mitungi ya pambo iliyofanywa Uingereza kwa mtindo wa Wayunani na Warumi wa kale, ambayo siku hizi hununuliwa kwa fedha nyingi ajabu. Neno hilo "pambo" liangaliwe sana. Mitungi hii haikufanywa ili itiwe maji. Mingi ilikaa juu ya rafu sebuleni mwa matajiri, wala haikupata kuonja hata tone moja.

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, jimbo la Staffordshire, katika ukoo wa wafinyanzi. Baba yake alifariki mwaka 1739, na mtoto akaingia kazini angali mdogo. Kisha akashikwa na ndui. Alipona, lakini goti lake la kulia likabaki na maradhi yasiyokwisha, na mfinyanzi wa siku zile alizungusha gurudumu lake kwa mguu. Kijana asiyeweza kukaa kwenye gurudumu akaelekeza akili yake katika mambo mengine ya kazi ile ile: udongo wenyewe, rangi, moto, na ile ngozi ing'aayo kama kioo ambayo hupakwa juu ya vyombo. Mwaka 1768 mguu ule ulikatwa, wakati ambapo dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa haijapatikana, naye akarudi kazini na mguu wa mti.

Mali yake ya kwanza hakuipata kwa mitungi ya pambo; aliipata kwa sahani na vikombe. Alitengeneza vyombo safi vya rangi ya malai, na Malkia Charlotte alipoagiza vyombo vya chai mwaka 1765, Wedgwood alipata ruhusa ya kuviita Vyombo vya Malkia. Tajiri mmoja akinunua kile alichonunua Malkia, jirani yake hakosi kulala macho mpaka anunue naye. Lakini barabara za Staffordshire zilikuwa mbovu, na vyombo vilivyobebwa juu ya farasi vilivunjika njiani. Basi Wedgwood akawa mmoja wa watu walioshika bendera ya kuchimbwa kwa mfereji mrefu wa kuunganisha mto Trent na mto Mersey. Kazi ilianza mwaka 1766 na mfereji wote ukafunguliwa mwaka 1777. Kiwanda chake kipya alikijenga ukingoni mwa mfereji huo, ili udongo mweupe utokao mbali uletwe kwa mashua na vyombo viondoke kwa mashua.

Wakati huo huo matajiri wa Ulaya walikuwa wameshikwa na shauku ya mambo ya kale. Huko Italia watu walikuwa wakifukua miji miwili iliyozikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79: Herculaneum tangu mwaka 1738, na Pompeii tangu mwaka 1748. Katika makaburi ya kale ya nchi hiyo ilitoka pia mitungi mingi yenye picha za watu wekundu juu ya weusi. Balozi wa Uingereza mjini Naples, Sir William Hamilton, aliikusanya mitungi hiyo kwa pupa, akapigisha chapa vitabu vikubwa vyenye picha zake, na mwaka 1772 akaiuza kwa British Museum kwa pauni 8,400. Mtungi wa Meidias ulikuwamo. Hamilton alisema wazi kwamba vitabu vyake vimekusudiwa kuwasaidia mafundi wa wakati wake, na Wedgwood alikuwa wa kwanza miongoni mwa waliomsadiki.

Tarehe 13 Juni, 1769, kiwanda kipya kilifunguliwa. Siku hiyo Wedgwood mwenyewe aliketi kufinyanga mitungi sita, na mshirika wake, Thomas Bentley, mfanyabiashara wa Liverpool, akamzungushia gurudumu. Mitungi ilikuwa ya udongo mweusi ambao Wedgwood aliuita basalti. Ikapelekwa London ikatiwa rangi nyekundu, yaani picha ya shujaa Hercules na wenzake, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha Hamilton, ambacho nacho kiliinakili kutoka mtungi ule wa Meidias. Minne tu ndiyo iliyosalimika. Upande wa pili yaliandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba kazi za ustadi za Etruria zimezaliwa tena. Hata mahali pale pa kiwanda Wedgwood alipaita Etruria.

Sasa, Etruria ni jina la kale la sehemu ya Italia walikokaa watu walioitwa Waetruska. Wataalamu wengi wa wakati wa Wedgwood walidhani kwamba mitungi itokayo katika makaburi ya Italia ilifanywa na watu hao. Walikosea. Mingi ililetwa kwa meli kutoka Athene, na mingine ilifanywa na Wayunani waliohamia kusini mwa Italia. Kwa hiyo mtungi uliomvutia Wedgwood hata akataka kuufufua haukuwa wa Etruria hata kidogo, na kiwanda kilichokuja kujulikana duniani kote kilipewa jina kwa makosa. Jina lilidumu. Mtaa ule unaitwa Etruria mpaka leo, na watu wake hawalalamiki.

Liko kosa jingine, na hili lina mafundisho zaidi kwa mtu apendaye kazi ya udongo. Tazama mtungi wa Athene na ule wa mwaka 1769 kwa mbali: yote miwili ina watu wekundu juu ya weusi. Ukikaribia utaona kwamba imefanywa kwa njia zilizo kinyume kabisa. Fundi wa Athene hakupaka watu rangi. Alipaka giza. Alichora mipaka ya watu wake kwa udongo laini mno uliokorogwa kama uji mwepesi, wenye chuma ndani yake, kisha akaujaza udongo ule nje ya mipaka na kuwaacha watu wazi, katika rangi ya chombo chenyewe. Halafu akachoma mara moja lakini kwa hatua tatu. Kwanza aliacha hewa iingie tanuuni, na kila kitu kikawa chekundu. Kisha akaziba matundu na kutia kuni mbichi, na kila kitu kikawa cheusi kwa moshi. Mwisho akafungua tena. Udongo wa kawaida, ambao una vitundu vidogo vidogo, ulivuta hewa ukarudia wekundu. Lakini ule uji laini ulikuwa umekwisha kuyeyuka kidogo na kujifunga, hewa isiweze kupenya, ukabaki mweusi. Mfinyanzi yeyote aliyewahi kukuta doa jeusi ubavuni mwa chungu chake amekutana na nusu ya siri hii.

Wedgwood alifanya kinyume. Mtungi wake ulikuwa mweusi tangu ndani hata nje, naye akawapaka watu juu yake kwa rangi nyekundu isiyong'aa, akauchoma tena ili rangi ishike. Mwaka huo huo wa 1769 alijipatia hati ya serikali ya kumkataza mtu mwingine kutumia njia hiyo. Muda si mrefu mfinyanzi mwenzake wa Staffordshire, Humphrey Palmer, akaanza kuuza mitungi ya namna ile ile, na Wedgwood akakasirika sana. Mwishowe walipatana kuitumia hati hiyo kwa pamoja. Mimi sioni vibaya kucheka hapo kidogo, kwa kuwa mtu aliyeiga kaburi zima la watu wa kale alikuwa akinung'unika kwamba ameigwa.

Walakini haikuwa haki kumwita mwigaji tu. Jambo lililomtia katika hesabu ya mafundi wakubwa ni udongo aliouita yaspi, jina la kito ambalo wasomaji wa Kitabu cha Ufunuo wanalijua. Kwa miaka kadhaa alijaribu maelfu ya michanganyiko. Aliwahi kumtuma mtu mpaka Marekani, mwaka 1767, kutafuta udongo mweupe katika nchi ya watu waitwao Cherokee, na zikaletwa kama tani tano. Kilichomfaa mwishowe kilikuwa jiwe zito lililopatikana nyumbani, katika machimbo ya risasi ya jimbo la Derbyshire, jiwe lenye madini ya bariamu. Kufikia mwaka 1775 alikuwa na udongo mweupe ulioweza kutiwa rangi tangu ndani, samawati au kijani au zambarau, na uliotoka tanuuni laini pasipo kupakwa kitu chochote.

Nakshi zake nyeupe hazikuchongwa juu ya mtungi. Kila sanamu ndogo ilikandamizwa katika kalibu, ikatolewa nyembamba kama jani, ikalowanishwa mgongo kwa maji na kubandikwa kwa vidole juu ya mtungi uliokuwa haujachomwa. Hapo ndipo palipo na shida. Udongo hupungua motoni. Mtungi ukipungua zaidi ya sanamu, au sanamu zaidi ya mtungi, nakshi hubanduka au hupasuka, na kazi ya siku nyingi hutupwa. Ndiyo sababu Wedgwood alihitaji kujua ukali wa moto kwa hakika, wala si kwa kutazama rangi ya tanuu tu. Mwaka 1782 alibuni kipimo chake: vipande vya udongo vya ukubwa mmoja vilivyotiwa tanuuni na kupimwa baadaye katika mfuo, ili kuona vimepungua kiasi gani. Kwa kazi hiyo wanachama wa Royal Society, chama cha wataalamu wa sayansi, walimchagua kuwa mwenzao mwaka 1783.

Jaribu lake kubwa lilikuwa chombo kiitwacho mtungi wa Portland. Huu si wa udongo. Ni kioo cha Warumi, buluu nzito karibu na weusi, kilichovikwa kioo cheupe, kisha fundi akachonga weupe ule mpaka watu wakatokea. Mwaka 1786 Duke wa Portland alimwazima Wedgwood mtungi huo. Ilimchukua zaidi ya miaka mitatu kupata mfano wake mzuri wa kwanza katika yaspi. Tatizo lilikuwa vivuli: mahali fundi wa Kirumi alipochonga weupe ukawa mwembamba sana, buluu ya chini huonekana kupitia, na udongo hauwezi hayo kwa urahisi. Waliouona mfano huo mwaka 1790 walistaajabu. Na mwaka 1845 mtu mmoja aliyelewa aliuvunja mtungi wenyewe wa kioo ndani ya British Museum ukawa vipande zaidi ya mia mbili. Uliungwa tena, nao ungalipo.

Turudi sasa kwenye suala la jina. Kiwandani Etruria kila mtu alipewa kazi moja: huyu kukanda, huyu kufinyanga, huyu kubandika, huyu kuchoma. Mwaka 1769 Wedgwood alimwandikia Bentley kwamba nia yake ni kuwafanya watu wawe mitambo isiyoweza kukosea. Twapaswa kumpa haki yake, kwamba bila mpango huo yaspi isingalipatikana. Lakini maneno yenyewe ni mazito. Alikuwako fundi mmoja jina lake William Hackwood, aliyetengeneza sanamu na kuzirekebisha. Aliingia Etruria mwaka 1769 na kuendelea hata mwaka 1832, yaani miaka 63. Safari moja Hackwood alitia jina lake chini ya bega la sanamu ya uso wa mtu. Wedgwood aliandika kwa Bentley kwamba hapendi jina hilo lionekane waziwazi namna ile. Jina la chombo lilikuwa Wedgwood. John Flaxman, aliyebuni sanamu za mtungi ule wa samawati tuliouanza nao, alipata sifa kwa jina lake, lakini yeye alikuwa na kazi yake mwenyewe London na baadaye akawa mchongaji mashuhuri wa mawe. Hackwood alibaki Etruria.

Kazi ya Hackwood inayotuhusu sisi Waafrika kuliko zote si mtungi. Mwaka 1787 lilianzishwa London shirika la kukomesha biashara ya watumwa, na Wedgwood akawa mmoja wa kamati yake. Kutoka katika mhuri wa shirika, Hackwood alitengeneza kidani kidogo cha yaspi: Mwafrika mweusi juu ya weupe, amepiga goti, mikono yake imefungwa minyororo, na juu yake swali, "Je, mimi si mtu na ndugu?" Wedgwood hakuviuza vidani hivyo, alivigawa kwa gharama yake. Mwaka 1788 alipeleka vingine kwa Benjamin Franklin huko Marekani. Wanaume walivitia katika vifuniko vya visanduku vya tumbaku, wanawake katika bangili na vibanio vya nywele. Ustadi ule ule wa kubandika miungu ya Kiyunani juu ya mitungi ya matajiri ulitumika kutia swali hilo vifuani mwa watu. Na ilikuwa katika nyumba ambazo sukari ya chai, iliyokaa katika mabakuli mazuri ya Staffordshire, ililimwa na watumwa wa visiwa vya West Indies.

Mtu wa kidani hana jina. Pia amepiga goti, naye huuliza jambo ambalo halikustahili kuulizwa. Hayo si makosa ya mkono wa Hackwood. Ndivyo wenye shirika walivyotaka aonekane mbele ya watu wa kuombwa huruma. Lakini mwaka 1789 Mwafrika mwingine alitokeza London mwenyewe. Olaudah Equiano, aliyepata kuwa mtumwa na kujikomboa kwa fedha zake, alipiga chapa habari za maisha yake, akaweka jina lake mbele ya kitabu pamoja na maneno kwamba ameandika mwenyewe, na picha yake akiwa ameshika kitabu na kumtazama msomaji usoni. Equiano na Wedgwood waliandikiana barua. Biashara ya watumwa ilikatazwa na sheria ya Uingereza mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Kiingereza kwa sheria ya mwaka 1833. Pwani yetu ilingoja zaidi: soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Wedgwood alifariki tarehe 3 Januari, 1795, lakini kiwanda kiliendelea kufanya mitungi ya mtindo ule kwa vizazi vingi, na wengine wengi waliiga. Kwa sababu hiyo msomaji akionyeshwa mtungi wa samawati wenye sanamu nyeupe na kuambiwa ni wa kale, asiharakishe kutoa fedha. Augeuze kwanza atazame chini. Maneno WEDGWOOD & BENTLEY yalitiwa katika vyombo vya pambo vya ushirika wao, uliokwisha Bentley alipofariki mwaka 1780; hivyo ndivyo vinavyotafutwa zaidi. Neno WEDGWOOD peke yake lilitumika muda mrefu. Pakiwapo na neno ENGLAND, chombo hakikufanywa kabla ya mwaka 1891, maana ndipo sheria ya Marekani ilipoanza kudai kwamba bidhaa zitajwe nchi zilikotoka. Na jina likiandikwa WEDGEWOOD, lenye herufi E katikati, si la nyumba ya Josiah kabisa. Wako watu waliolipa ghali kwa ajili ya herufi hiyo moja.

Kazi ilihamishwa kutoka Etruria kwenda kijiji cha Barlaston, sio mbali, kuanzia mwaka 1940, na kiwanda cha zamani kikafungwa mwaka 1950. Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa na jina la Wedgwood ilifilisika, na kwa ajili ya deni la malipo ya uzeeni ya wafanyakazi ilionekana kwamba makumbusho yake yote huenda yakauzwa kipande kipande. Mwaka 2014 zilichangwa pauni 15,750,000, nyingine kutoka kwa watu wa kawaida, na vitu vikabaki Barlaston chini ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London. Humo zimo sinia zilizojaa vipande vidogo vya yaspi ambavyo Wedgwood alivichoma katika majaribio yake, vingine vizuri, vingi vimeharibika. Kila kipande kimeandikwa namba, na namba hiyo husomwa katika kitabu chake cha siri, ambapo aliandika udongo gani ulichanganywa na mahali gani ulikaa ndani ya tanuu.